Vidoko si undugu

"Wasandawe na Wahadzabe ni Wakhoisani, ndugu wa Wasani wa Kalahari. Wanazungumza lugha moja ya vidoko, na ndio waliochora miamba ya Kondoa."

Maelezo haya nimetumiwa juzi na mwongoza watalii mmoja wa hapa Dar, niyapitie "kidogo tu, mwalimu" kabla hajawapeleka wageni. Kijana simlaumu. Sote tulikaririshwa darasani kwamba Watanzania ni makundi manne, Wabantu, Waniloti, Wakushi na Wakhoisani, na hilo la nne likawa kapu la kumtupia yeyote anayeliza ulimi. Ila nimeshalisahihisha jambo hili mara nyingi mno, na leo naliandika ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Kidoko ni konsonanti. Bana ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, funga na nyuma kwenye kaakaa, vuta, achia. Umepata cha meno. Achia pembeni badala ya mbele, umepata kile cha kumhimizia punda. Mama wa Kariakoo ukimtajia bei ya kipuuzi atakusonya, na msonyo wake unatoka karibu kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba sisi hatuundi neno nao, lakini Msandawe anatumia vidoko ndani ya neno kama unavyotumia *t* na *k*.

Sasa, konsonanti huazimwa. Kizulu na Kixhosa ni Kibantu safi, ukoo mmoja na Kiswahili, na vina vidoko kwa sababu wasemaji wake waliishi na kuoana na Wakhoikhoi na Wasani, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika. Kidahalo, pwani ya Kenya upande wa Lamu, ni lugha ya Kikushi na kinavyo. Hata Australia viko! Wanaume Walardil wa kisiwa cha Mornington walikuwa na Damin, lugha ya jando ambayo aliyepita hatua fulani ndiye aliyefundishwa, nayo ina vidoko. Kwa hesabu ya kijana wangu, basi na Walardil walitokea Chemba, kwa Wasandawe.

Undugu wa lugha unathibitishwa kwa ulinganifu wa sauti unaojirudia neno baada ya neno, pamoja na sarufi. Si kwa mlio mmoja unaomshangaza mgeni. Mwanaisimu Joseph Greenberg aliziweka Kisandawe, Kihadza na lugha za vidoko za kusini mwa Afrika kapu moja, Khoisani, katika uainishaji wake wa 1963, na vitabu vya shule havijatoka hapo. Kihadza, kwa ushahidi tulio nao, hakina ndugu popote, si Kalahari wala kwa Wasandawe, ingawa si mbali sana kutoka Ziwa Eyasi hadi kwao. Kisandawe ndicho kinachoninyima usingizi: viwakilishi vyake vinafanana na vya lugha za Kikhoe za kusini kiasi kwamba baadhi ya wenzangu wameshaamua ni ndugu. Mimi kuna siku nakubali, kuna siku naona ushahidi ni mwembamba mno. Wanafunzi hawapendi jibu hilo.

Halafu michoro. Ile myekundu ya Kondoa, watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, twiga, pofu, huhusishwa na wawindaji wa kale, na wapo watafiti wanaoifungamanisha na ngoma za Wasandawe. Inawezekana. Myeupe ni ya baadaye na kwa kawaida hupewa wakulima. Lakini nenda leo Mongomi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo ya Kondoa: wanaopanda kutambika, kuomba mvua na kutibu wagonjwa ni wenyeji wa sasa, wakiwemo Warangi, ambao ni Wabantu. Pombe ya mtama hunyunyiziwa mwambani, na mhifadhi anashika kichwa, maana eneo ni Urithi wa Dunia tangu 2006. Nami nikiambiwa nichague kati ya rangi isifutike na tambiko lisife, nababaika. Lililo wazi ni kwamba mwamba ule una wenyewe, na wenyewe hao si lazima wawe wajukuu wa mchoraji.

Ndiyo maana nakasirikia sentensi ya "ndugu wa Kalahari". Ukimwambia mgeni Mhadzabe ni wa kusini, umemfanya mpita njia kwao. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za hakimiliki ya kimila za pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hakuna aliyewapima ndimi.

Australia walipita njia nyingine. Mwaka 1997 wenyeji wa Jangwa Kuu la Mchanga, wakidai ardhi yao, walitandika turubai la kama mita 8 kwa 10 na kuchora visima vyao. Kila mzee akasimama juu ya kisima chake na kueleza kwa lugha yake. Lugha zilikuwa nne: Kiwalmajarri, Kiwangkajunga, Kimangala na Kijuwaliny. Haki yao ikatambuliwa 2007. Angetokea mtu akawataka kwanza wathibitishe kuwa ni kabila moja lenye lugha moja, turubai lile lisingechorwa.

Kijana ameniuliza sasa awaambie nini wageni. Nimemwambia aandike "Wasandawe" na "Wahadzabe", kila mmoja na aya yake, na akifika Kolo amwachie mwenyeji aongee.