Dawa za presha za mshipani: kwa nini si kila presha kubwa inachomewa sindano

Mtu anafikishwa hospitali presha ikisoma 200/120. Kichwa kinamuuma kidogo, lakini anaongea vizuri na ametembea mwenyewe. Ndugu wanangoja achomwe sindano. Daktari anaandika vidonge na kumpangia siku ya kurudi kliniki. Ndugu wananung'unika, ingawa mgonjwa wao ametibiwa sawasawa.

Dawa ya mshipani haifuati namba peke yake. Inahitajika pale presha, mara nyingi iliyovuka 180/120, imeshaanza kuharibu kiungo: ubongo, moyo, figo, macho au mshipa mkuu wa damu. Hapo kidonge kinachelewa, tena kikishamezwa hakizuiliki. Dripu unaipunguza au kuifunga.

Hidralazini, mojawapo ya dawa hizo za mshipani, hulegeza misuli ya mishipa midogo ya ateri, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu. Huchukua dakika 10 hadi 20 kuonyesha kazi, na moyo huweza kwenda mbio presha inaposhuka. Labetaloli hulegeza mishipa na kuutuliza moyo kwa wakati mmoja, ila inaweza kubana njia za hewa, ndiyo maana mgonjwa huulizwa kwanza kama ana pumu. Nikadipini huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa; hupewa kwa dripu, kiasi kikiongezwa kidogo kidogo.

Ugumu hasa uko kwenye mwendo. Ubongo wa mtu aliyekaa na presha ya juu kwa miaka umeshaizoea. Ukiishusha ghafla hadi 120/80, damu haiufikii vya kutosha, na unaweza kumsababishia kiharusi uliyekuja kumwokoa. Kwa hiyo saa ya kwanza kwa kawaida haishushwi zaidi ya robo. Mwenye kiharusi cha damu kuganda, kama hapewi dawa ya kuyeyusha bonge, mara nyingi presha yake huachwa bila kushushwa hadi ivuke 220/120.

Mshipa mkuu ukichanika ndani ni habari nyingine: namba ya juu ya presha hushushwa upesi hadi 120 au chini yake. Mjamzito mwenye 160/110 naye hangojwi, maana damu inaweza kuvujia ubongoni. Lakini isishuke mno, kwani mtoto analishwa na damu hiyohiyo. Na ile magnesiamu anayochomwa ni ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Presha ina dawa yake.