Mbwa Hasomi Taa za Barabarani

Juzi mwanafunzi mpya, kijana aliyepoteza macho miaka miwili iliyopita, aliniuliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki tangu nianze kazi hii ya kufundisha mbwa wanaoongoza wasioona hapa Marekani: "Nikimwambia 'benki', atanifikisha kwa muda gani?" Jioni shangazi akapiga simu kutoka Tanga, na lake lilikuwa lile lile: "Eti mbwa wenu wanajua taa nyekundu na kijani?" Nikaona sasa niandike.

Dhana: Mbwa ndiye anayejua njia, na ndiye anayeamua lini mvuke barabara

Hapana, hapana. Ramani iko kichwani mwa mtu. Yeye ndiye anayejua kwamba benki iko mtaa wa tatu mkono wa kulia, na yeye ndiye anayetoa amri: mbele, kushoto, kulia. Kazi ya mbwa ni usalama wa hatua zilizo katikati. Hukwepa shimo, husimama penye ngazi na penye ukingo wa barabara, huzunguka tawi lililoning'inia usawa wa uso wa mtu, ingawa yeye mwenyewe angepita chini yake bila kuguswa. Hilo la tawi hunichosha kuliko yote, maana mbwa anajifunza kupima mwili usio wake.

Na taa? Jicho la mbwa lina aina 2 za chembe za kutambua rangi. Letu lina 3. Buluu na manjano anazitofautisha, lakini nyekundu na kijani kwake zinafanana mno. Wala hatumfundishi taa. Asiyeona husimama akasikiliza: magari yanayokwenda upande wake yakianza kuondoka, anajua zamu yake imefika, anaamuru "mbele". Hapo sasa ndipo elimu ya mbwa inapoonekana, kwa sababu gari likikatiza, anakataa kwenda. Tunamfundisha hivyo kwa makusudi: mwenzangu anaendesha gari na kutukatia njia, leo, kesho, wiki nzima, mpaka mbwa asite bila kuambiwa. Magari ya umeme, kwa kuwa huenda kimya, yameifanya kazi hiyo kuwa ya lazima zaidi. Ndiyo, mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka yatoe sauti yakienda polepole, ila kwenye kelele za mjini sauti hiyo humezwa.

Linaloniudhi ni kwamba anayeamini mbwa anasoma taa huacha kusikiliza. Ndiyo maana kila anayekuja kwangu namwambia kitu kimoja: jifunze fimbo nyeupe kwanza. Asiyeweza kuvuka njia panda kwa fimbo, mbwa hatamvusha. Na nyinyi wapita njia, msimpigie mbwa mluzi wala kumwambia "vuka". Dereva naye asipige honi kwa wema. Anafunika sauti ambazo mtu anazitegemea.

Dhana: Lazima awe mkali

Anayembwekea mpita njia tunamwondoa kwenye mafunzo. Kumlinda bwana wake si kazi yake.

Dhana: Nitamfundisha mwenyewe kwa wiki mbili

Mtoto wa mbwa hupelekwa kwa familia ya kujitolea akiwa na wiki 8 hivi, akakaa zaidi ya mwaka. Familia haimfundishi kuongoza. Inamzoesha mvua, basi, sokoni, na kujisaidia anapoambiwa. Kisha miezi kadhaa shuleni, kisha wiki 2 hadi 4 pamoja na mtu wake. Wengi hawafuzu, na hiyo si aibu kwa familia iliyomlea.

Dhana: Maisha yake ni mateso

Mvue mkanda wa kazi umwone anavyokimbilia mpira.

Dhana: Dereva wa teksi ana haki ya kumkataa

Hili nawaambia ndugu zangu Waswahili wanaoendesha teksi huku. Sheria ya Marekani hairuhusu. Uoga si sababu, aleji si sababu, na nauli ya ziada hairuhusiwi. Usidai kitambulisho cha mbwa, maana sheria haikidai. Unaweza kuuliza mawili tu, iwapo haijulikani wazi: je, anahitajika kwa ajili ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani? Kuhusu dini, Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, kwa hiyo mbwa mwenye kazi si jambo geni kwetu. Mwenye wasiwasi wa najisi atandike shuka sakafuni. Mbwa hulala miguuni pa abiria, hapandi kiti.