Mhusika mgeni: Konami walivyokaribishwa nyumbani kwa Nintendo

Litaje jina Konami mbele ya vijana wa Dar es Salaam au Nairobi waliokulia kwenye mabanda ya gemu, watakujibu mpira. Winning Eleven, baadaye PES, watu sita kwenye benchi la watu wanne, pedi moja waya umefungwa selotepu, na mwenye banda anakumbusha kwamba dakika zako zimekwisha. Waliowatangulia kidogo watakutajia Contra, ile ya kaseti ya manjano, na vidole vitaanza kucheza vyenyewe hewani: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Maisha 30.

Wanaokumbuka kwamba kampuni hiyohiyo ndiyo yenye Solid Snake wa gemu za Metal Gear, komando anayejificha ndani ya boksi, na Simon Belmont wa gemu za Castlevania, mwindaji wa Dracula mwenye mjeledi, ni wachache. Hadithi za hao wawili hazihusiani kabisa: mmoja yuko kwenye kambi ya silaha za nyuklia huko Alaska, mwingine yuko kwenye ngome ya zamani yenye mifupa inayotembea. Hata hivyo kuna gemu moja ambamo wanaweza kurushiana makonde, Mario na Pikachu wakiwa pembeni. Gemu hiyo ni Super Smash Bros. ya Nintendo, na hali yao humo ndani ndiyo tunayoiita mhusika mgeni.

Mhusika mgeni ni yule ambaye haki zake ziko kwa kampuni nyingine, si kwa ile inayotoa gemu. Ameazimwa. Anaingia kwa ruhusa na kwa masharti, na gemu ikishatoka bado ni mali ya kwao.

Watu wengi huchanganya jambo hili na krosova, na mimi mwenyewe nilichanganya kwa muda mrefu. Krosova ni mkusanyiko wa wahusika wa hadithi mbalimbali, basi. Haisemi chochote kuhusu mwenye mali. Smash ya kwanza, iliyotoka Japani Januari 1999 kwa mashine ya Nintendo 64, ilikuwa na wapiganaji 12, na wote walikuwa wa familia ya Nintendo. Ilikuwa krosova isiyo na mgeni hata mmoja, kama harusi ambayo pande zote mbili ni mabinamu. Kinyume chake ni SoulCalibur II ya Namco. Ile haikuwa krosova, ilikuwa na hadithi yake na watu wake, ila nakala ya GameCube ilimpokea Link wa Nintendo. Hapo kuna mgeni, lakini krosova hakuna.

Hata hiyo harusi ya mabinamu haikuanza kwa ruhusa. Masahiro Sakurai, aliyekuwa kampuni ya HAL Laboratory, alitengeneza jaribio la gemu ya kupigana akisaidiwa kuandika programu na Satoru Iwata, ambaye baadaye aliiongoza Nintendo. Wapiganaji wa jaribio hilo walikuwa watu wasio na sura wala jina. Sakurai akaona haipendezi, akawatia Mario, Donkey Kong, Samus na Fox kimyakimya, akahakikisha gemu imekaa vizuri, ndipo akaenda kuionyesha kwa wenyewe. Kwa wahusika wa nyumba yako unaweza kuthubutu hivyo. Kwa wa nyumba ya jirani utaishia mahakamani.

Jirani wa kwanza kuingia alikuwa Konami. Hideo Kojima, mbunifu wa Metal Gear, alimwomba Sakurai amwingize Snake tangu enzi za Smash ya pili, Melee, iliyotoka 2001. Alichelewa, kazi ilikuwa imeshafika mbali. Mei 2006, kwenye maonyesho ya E3 nchini Marekani, Nintendo ilipoonyesha trela ya Smash ya tatu, Brawl, aliyetokea mwishoni alikuwa Snake. Fikiria mshtuko wake: jina lake lilikuwa limekuzwa na gemu ya 1998 kwenye PlayStation, mashine ya mshindani. Brawl ilipotoka 2008, Sonic wa Sega naye alikuwemo. Kwa mtu aliyeishi miaka ya tisini, wakati Sega na Nintendo walikuwa kama Simba na Yanga, kumwona Sonic akimpiga Mario teke kwa idhini ya pande zote mbili halikuwa jambo dogo.

Sasa tazama yaliyofuata, maana dhana inajieleza vizuri zaidi hapa. Smash ya 2014 ilitoka bila Snake. Mwishoni mwa 2015 Kojima aliondoka Konami akafungua kampuni yake. Wengi tulisema basi, Snake hatumwoni tena. Mwaka 2018 Smash Ultimate ikatangazwa kwa kaulimbiu kwamba wote wapo, kila mpiganaji wa nyuma anarudi, na Snake akarudi. Aliyemwombea nafasi mwanzoni hakuwepo tena kwenye kampuni, lakini barua ya mwaliko haikuwa imeandikwa kwa jina lake. Haki za mhusika hukaa kwa kampuni, na kampuni ndiyo iliyosema ndiyo.

Ultimate ndiyo gemu ninayoitumia kila ninapomweleza mtu jambo hili, kwa sababu Konami wamo ndani yake kwa karibu kila ngazi ya ugeni iliyopo, na ngazi hizo hazilingani.

Juu kabisa ni mpiganaji kamili, yule unayemchagua na kumwongoza mwenyewe. Hao ni Snake, Simon na Richter Belmont. Richter ana nusu cheo: anaitwa mpiganaji mwangwi, yaani mwendo na mapigo yake ni kama ya Simon, sura na sauti ndivyo vinavyotofautiana. Hata namba zao zinasema hivyo, Simon ni 66 na Richter ni 66 yenye alama pembeni. Chini yao kuna wasaidizi, wanaotokea unapookota kifaa fulani uwanjani, wakakupigania kwa sekunde chache, kisha wakatoweka. Humo wamo Alucard wa Castlevania, Gray Fox wa Metal Gear, na Bomberman. Bomberman hakuzaliwa Konami. Alikuwa wa Hudson Soft, ambayo Konami iliimeza 2012, akaja pamoja na vyombo vya nyumba. Dracula yumo kama adui mkubwa wa kompyuta, humchezi bali unapigana naye. Kuna viwanja viwili, kisiwa cha Shadow Moses na ngome ya Dracula. Kuna muziki. Na chini kabisa kuna Goemon, shujaa wa gemu za zamani sana za Konami, ambaye amefika kama vazi tu la kumvalisha kikaragosi chako, tena la kununua. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani yumo ndani ya Smash, muulize yumo kama nani.

Ila hata mpiganaji kamili anaweza kuwa sura tupu, na hapa nina msimamo wangu. Mgeni wa kweli ni yule aliyekuja na mwendo wake.

Kanuni za Smash si kama za Tekken au Mortal Kombat. Hakuna mstari wa uhai unaopungua. Kuna asilimia inayopanda: kadiri unavyopigwa ndivyo unavyokuwa mwepesi, na pigo lililokusogeza hatua moja mwanzoni litakurusha nje ya uwanja ukifika mia na ushei. Anayetoka nje ndiye anayepoteza maisha. Mbio, kuruka na kurudi hewani ndiyo roho ya mchezo. Sasa mlete humo Simon wa 1986, ambaye kwenye gemu yake ya kwanza akisharuka hawezi kugeuza nia hewani, na anatembea kama mtu aliyebeba gunia la mkaa.

Nilimkabidhi mpwa wangu Simon huyo mwaka juzi. Yeye ni mtoto wa mpira, amezoea kubonyeza mbio muda wote. Dakika ya kwanza tu akaanza kulalamika.

“Mjomba, huyu mbona hakimbii? Mzee?”

“Si mzee. Usimfuate mtu, msubiri aje.”

Akasubiri. Pikachu wangu akaja, mjeledi ukamkuta hatua tatu kabla hajafika. Mtoto akacheka. Kisha akasahau kuachia kitufe, na ule mjeledi badala ya kurudi ukabaki unaning’inia.

“Mjomba, kamba imekufa!”

“Haijafa. Zungusha kijiti.”

Akazungusha, na mjeledi ukaanza kuyumba ovyo kama kamba ya ng’ombe iliyokatika. Kitu hicho hakisaidii sana kwenye pambano. Kimewekwa kwa sababu kwenye Super Castlevania IV ya 1991 Simon aliweza kuuzungusha mjeledi hivyohivyo, na aliyeicheza ile ataitambua ishara kabla hajaambiwa. Shoka lake linapaa kwa upinde uleule, maji yake matakatifu yanawaka chini vilevile. Kwenye uwanja wa ngome kuna mishumaa. Ivunje na vifaa vitadondoka, kama kwao.

Snake naye hapigani kama wenzake. Anategesha. Anabandika bomu ardhini, au mgongoni mwako, kisha anaondoka zake kana kwamba hamjuani, na wewe unajua kabisa limebandikwa na hujui atalilipua lini. Akirusha kombora la kuongoza, yeye mwenyewe anasimama palepale bila ulinzi hadi amalize. Akitaka kukukejeli anajifunika boksi.

Mbinu hiyo ya kumwachia mgeni mwendo wake imewahi kufika mbali zaidi kwa wageni wa kampuni nyingine. Ryu wa Capcom, kwa mfano, anaweza kurusha Hadoken, ule mpira wake wa nishati, kwa kitufe kimoja kama wapiganaji wote wa Smash, lakini ukiizungusha pedi kwa ile robo duara ya Street Fighter, Hadoken inatoka kali zaidi. Aliyezoea mashine za sarafu analipwa kwa kumbukumbu ya mkono wake.

Masharti nayo yapo. Snake wa kwao ana bastola na kisu. Kwa Nintendo ana makombora, mabomu na mikono, bastola na kisu vimeachwa mlangoni. Sakurai alipomleta Terry Bogard wa kampuni ya SNK, alieleza waziwazi kwamba Mai Shiranui, mpiganaji wa kike wa SNK mwenye mavazi machache, hatoonekana hata nyuma ya uwanja, kwa kuwa Smash ni gemu ya watoto wema wa umri wote. Mai na mavazi yake wakabaki nyumbani. Mara nyingine mpaka unausikia badala ya kuuona: Cloud wa Final Fantasy VII alikuja 2015 na nyimbo mbili tu za kwao, wakati familia ya Belmont iliingia na vipande 34. Sihitaji kuuona mkataba kujua nani alifungua kabati na nani alichungulia kupitia tundu la ufunguo. Jinsi idadi ya wenye mali ilivyo kubwa, utaiona kwenye yale maandishi madogo ya haki miliki: Konami, Capcom, Sega, Square Enix na wenzao, wamepangwa kama majina kwenye kadi ya mchango. Bandai Namco wana nafasi yao ya kuchekesha, maana Pac-Man ni mgeni ambaye ndugu zake ndio mafundi waliojenga nyumba. Studio yao ndiyo iliyotengeneza Smash ya 2014 na Ultimate.

Mwaliko wenyewe siku hizi ni tukio. Trela ya Simon ya Agosti 2018 ilimwonyesha Luigi akitetemeka ndani ya ngome hadi Kifo chenye fyekeo kikamtoa roho. Watu wakahangaika mitandaoni, na ukurasa mmoja wa Nintendo Uingereza ukalazimika kuandika kwamba Luigi yuko salama. Ugeni nao umepanuka kupita nilivyotarajia: mwaka 2025 SNK walimwingiza Cristiano Ronaldo, mtu hai anayelipwa kucheza mpira, kwenye gemu yao mpya ya Fatal Fury. Mpwa wangu aliona ni jambo la kawaida kabisa.

Kuna kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na ni kidogo mno. Ukiwa na Snake kwenye uwanja wa Shadow Moses, gusa haraka kitufe cha kejeli cha chini. Atachuchumaa na kufungua redio, na wenzake wa kwenye Metal Gear watamweleza kuhusu adui aliye mbele yake, kwa uzito uleule wa kwenye operesheni, hata kama adui ni kiduara cha waridi kinachomeza watu. Mazungumzo hayo yalirekodiwa wakati wa Brawl. Ultimate iliyarudisha bila kuongeza mapya kwa waliokuja baadaye. Kwa hiyo kuhusu Mario redio inasema, kuhusu Sonic inasema. Kuhusu Simon Belmont, aliyetoka kampuni moja na Snake, redio haina neno.