Makaa ya moto kichwani si kisasi cha siri

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu mwaka hadi mwaka: mtendee wema adui yako, kwa maana kila wema ni kaa la moto juu ya kichwa chake, na Mungu atamteketeza. Wengine huongeza, "Tuma kwa watu kumi."

Maneno ya makaa yamo kweli katika Biblia, Warumi 12:20, mstari unaosema adui yako akiwa na njaa umlishe, yakiwa yamenukuliwa kutoka Mithali 25:21-22. Tatizo ni kuyakata. Fungua sura nzima: mstari wa 14 unasema barikini wala msilaani, wa 19 unakataza kujilipizia kisasi, na wa 21 unataka ubaya ushindwe kwa wema. Anayemlisha mwenye njaa huku akimwombea aungue bado analaani, ila kwa sahani mkononi.

Mkanganyiko unaeleweka. Zaburi 140:10 inataja makaa kama adhabu, na kwetu "kumpalia mtu makaa" husikika kama kumchochea matatani. Hata wafafanuzi wa Biblia wa kale hawakukubaliana wote. Wengi waliona humo aibu inayochoma dhamiri hadi mtu atubu, wachache hukumu. Lakini hata hao wachache waliiacha hukumu kwa Mungu. (Mithali, kwa njia, inaahidi thawabu kwa mtoaji, haisemi adui atakufa.)

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mjibu aliyeutuma, kwa upole, na umwekee Warumi 12:14-21 yote.