Swali la tisa

Dodoso tunalotumia kliniki kupima sonona, ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, lina maswali tisa. Linaitwa PHQ-9. Lilichapishwa mwaka 2001, na tafsiri yake ya Kiswahili inatumika Tanzania na Kenya. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita na lina alama 0 hadi 3, jumla yake 27. Anayefikisha 10 tunakaa naye zaidi. Usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona umeshindwa, hayo watu huyajibu bila taabu kubwa. Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliyasoma manane ya kwanza vizuri, taratibu, akimtazama mgonjwa usoni. La tisa akaliinamia. Akalisoma mbiombio, kisha akaongeza, "Hilo kwako halipo, sivyo mzee?" Mgonjwa, mwanamume wa makamo, akasema halipo.

Ilibidi niombe ruhusa ya kulirudia mwenyewe. Mgonjwa alipoondoka nilimuuliza yule binti, mwanafunzi wangu, ni nani aliyefariki kwao. Alinyamaza muda mrefu, halafu akanisimulia habari za baba yake. (Ninayaandika haya kwa ridhaa yake, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Nilijua la kumuuliza kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi, swali hilo nami nilikuwa nalisoma hivyohivyo.

Kaka yangu alijiua nikiwa kidato cha tano. Nyumbani neno hilo halikutamkwa kwa miaka. Waombolezaji waliambiwa malaria ilimpanda kichwani. Kiongozi wa dini alikataa kuongoza ibada ya maziko, kwa hiyo baba mdogo akaomba mwenyewe pale kaburini, sauti ikimkatika. Shangazi aliniita uani akanionya: shuleni ukiulizwa, sema aliugua ghafla. Siku ya tano nilikuwa nimerudi bwenini.

Kwa miezi mingi kabla ya hapo kaka alikuwa halali usiku. Alikaa sebuleni gizani, na ukimuuliza ana nini, alisema mawazo yamemzidi. Tulimwonea huruma. Mama alimpikia alivyovipenda, tukamwombea, wajomba wakaja kumpa moyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anafikiria kufa. Tuliogopa kwamba kulitaja jambo ni kuliita.

Hofu hiyo naikuta kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wahudumu wa afya. Suala hili limefanyiwa utafiti mara nyingi, na hakujapatikana ushahidi kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua kunampandikizia wazo hilo. Wengi huona ahueni, maana mzigo walioubeba peke yao umepewa jina.

Mgonjwa naye ana hofu yake, na ina msingi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, ililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nako kilikuwapo kifungu cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu anayewaza polisi ana sababu ya kukuficha hata ukimuuliza kwa upole. Ukimuuliza huku umeinama, umeshamjibia.

Wanafunzi waliofiwa huniandikia wakiuliza kama wataweza kazi hii ya kutibu wagonjwa wa akili. Kuhusu masomo jibu ni jepesi: shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha uzamili wa saikolojia tiba, unaofundishwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, au udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na miaka mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Wanachotaka kujua hasa ni kama msiba wao unawafaa au unawazuia.

Wengi huja wamekariri hatua tano za majonzi za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, kuanzia kukana hadi kukubali, wakajipima kwazo, wakajiona wamechelewa. Huwaeleza kwamba hatua hizo, alizozitangaza mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, si na wafiwa. Kwa mwanafunzi mfiwa naona wametusaidia zaidi watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo anamlilia aliyemkosa, kesho anahangaikia ada na mtihani, keshokutwa harufu ya sabuni fulani inamrudisha kwenye kilio. Kurudi huko hakumaanishi ameshindwa. Ila uchungu ukiendelea kuwa mkali zaidi ya miezi 6, kupita desturi za watu wake, na ukamzuia kuishi maisha yake, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inautambua kuwa ni tatizo la kitabibu. Hapo anahitaji matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote, awe mwanafunzi wetu au asiwe.

Liko jambo ambalo sikulisoma kitabuni. Sisi mgonjwa tunamwamkia. Mwanamume wa umri ule ni "Shikamoo, baba", kijana ni "kaka", mama ni mama. Kabla hujafungua faili, lugha yenyewe imeshakufanya mtoto wake au dada yake. Ni adabu nzuri na inamtuliza mgonjwa, nisingependa tuiache. Lakini kwa mwanafunzi aliyefiwa, salamu ya kwanza tu inaweza kumketisha marehemu kwenye kiti cha mgonjwa. Yule binti, nilipokumbuka vizuri, asubuhi nzima alisema "mzee". "Baba" halikumtoka mdomoni.

Mimi nilikosea upande wa pili. Nilipewa kijana wa umri wa kaka, mwenye usiku kama wa kaka. Nilimpa namba yangu, nikawa nampigia usiku wa manane, nikamlipia nauli, na siku asipofika nilishindwa kula. Nilidhani huo ndio moyo wa kazi. Msimamizi wangu alisoma maelezo yangu yote, kisha akaniuliza: "Huyu unayemtibu ni nani?" Nilifungua mdomo kutaja jina la mgonjwa, nikalia. Alimkabidhi kijana yule kwa mwenzangu, nami akanipeleka kwa mnasihi, nikahudhuria mwaka mzima. Ndiyo maana ninayemsimamia huwa namuuliza kila wiki habari za mgonjwa, kisha namuuliza habari zake yeye, na la pili silifupishi.

Binti yule tulimpumzisha kuona wagonjwa wa sonona kwa muda. Alikwenda kwa mnasihi asiyemfundisha wala kumsahihishia mtihani. Baadaye, chumbani kwangu, tukafanya zoezi dogo ambalo lilimchukua vikao vitatu: kumwamkia mtu aliyekaa kitini kwa neno "baba", na kulitamka neno "kujiua" bila kuteremsha sauti.

Wiki ya kwanza aliporudi kliniki alimpata fundi seremala aliyekuja akilalamika kwamba kichwa kinawaka moto na usingizi hapati. "Shikamoo, baba." Alimsomea maswali manane. Kwenye la tisa aliweka karatasi mezani.

"Baba, katika hizi wiki mbili umefikia kuona heri ufe? Umefikiria kujiua?"

Mzee alitazama dirishani. "Jumanne," akasema.

Akamuuliza Jumanne ilikuwaje, kama bado ana mpango huo, na nyumbani anaishi na nani. Wakakubaliana nani apigiwe simu. Mkewe alipokea akiwa sokoni, akasema anamwachia jirani genge, anakuja.