Nani anabaki na mzee mchana?

Familia nyingi hufika ofisi za ustawi wa jamii na ombi moja: mzee wetu apokelewe kwenye makazi ya wazee. Ukikaa nao mkaongea taratibu, mara nyingi unakuta hakuna hata mmoja anayetaka mzee aondoke nyumbani. Usiku wapo wote. Kasheshe huanza asubuhi: binti kaenda sokoni, wajukuu wako shule, na mzee aliyepigwa na kiharusi kabaki peke yake, kikombe cha uji kikiwa upande ule ule wa mkono usiofanya kazi.

Makazi ya Serikali hayakuwekwa kwa ajili ya familia kama hiyo. Nunge pale Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Fungafunga Morogoro, Bukumbi wilayani Misungwi, yote ni ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Baadhi, kama Nunge na Sukamahela ya Manyoni, yalianza kama makazi ya watu wenye ukoma. Safari ya kuingia huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha afisa ustawi wa halmashauri hufanya uchunguzi na kutafuta ndugu kwanza. Wapo wanaoudhika kuulizwa habari za wapwa na shangazi. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo mtunzaji wa kwanza, na makazi kuwa kimbilio la mwisho.

Kwa watu wenye ulemavu jambo hili ni zito zaidi. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009, na ibara yake ya 19 inawapa haki ya kuishi kwenye jamii na kuchagua waishi wapi, na nani. Mtu mzima asiyeona au asiyetembea hapelekwi kituoni kwa sababu tu kaka zake wamekaa kikao wakakubaliana.

Kinachokosekana ni huduma ya mchana. Vituo vya aina hiyo ni vichache, na hata vilivyopo vingi huhudumia watoto wenye ulemavu. Si lazima kujenga jengo jipya: ukumbi wa kanisa au chumba cha madrasa katikati ya wiki hutosha, mradi choo kiingilike na kiti cha magurudumu, chakula kiwepo, na wahudumu wawe wamefundishwa.

Nasisitiza kufundishwa kwa sababu ya vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mtu anayelala au kukaa mkao mmoja muda mrefu. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili. Aliye kwenye kiti asogezwe mara nyingi zaidi. Kagua visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio kila siku. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: pakiwa na joto, pagumu au pamevimba kuliko pembeni yake, kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Usipasugue kwa mafuta wala spiriti, maana kusugua kunazidi kuumiza nyama iliyokwisha kuchoka. Ondoa uzito mahali hapo na umwone mhudumu wa afya.

Fedha ndiyo penye mkwamo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao humo, na tena ni mkopo, unarudishwa. Zanzibar walianza Pensheni Jamii Aprili 2016, kwa kila mzee mkaazi aliyefikisha miaka 70. Kwa maoni yangu, Bara tumechelewa kwa hili.

Ukiamua kumpeleka mzee kwenye kituo binafsi, cha kutwa au cha kulala, omba kuona cheti cha usajili na daftari la dawa. Kisha rudi siku nyingine bila taarifa, ikiwezekana saa ya chakula cha mchana, uone nani analishwa na nani amewekewa sahani tu. Kama ni cha kulala, uliza usiku kuna wahudumu wangapi, na wenyewe wanalala wapi.