Mdomo wa kobe mzee: tunavyodhani na ulivyo kweli

Kobe wetu anaishi kiwandani, yaani ule ua wa ndani wa nyumba za mawe za Lamu, tangu enzi za babu. Siku moja nilimtupia jani la mboga ya mchunga. Akaliuma, likamponyoka. Akauma tena, likateleza. Nilipoinama kumtazama, mdomo wa juu ulikuwa umeshuka kama ncha ya jambia, umepita kidevu.

“Ni uzee huo,” ami akasema. “Hata ndevu za mzee hurefuka.”

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na ina nusu ya ukweli. Kobe hana meno. Mdomo wake ni ganda la keratini, jamii moja na kucha zetu na kwato za punda, lililofunika mfupa wa taya. Hukua maisha yake yote, akiwa mchanga na akiwa mzee. Aliye porini huusaga mwenyewe kwa kung'oa na kutafuna nyasi ngumu. Uzee unachangia kwa mlango wa nyuma: kobe mzee hutembea kidogo, na sisi kwa kumwonea huruma tunamlainishia chakula.

Huruma hiyo ndiyo ilimponza wetu. Papai lililoiva, ndizi, nyanya, hata kipande cha mkate wa mofa kilichobaki asubuhi. Watu huamini kobe mzee alishwe laini kama mgonjwa. La. Kobe wa nchi kavu wa aina ya huku kwetu ni mla nyasi. Mpe nyasi, mbichi na kavu, majani magumu na vipande vya mpungate uliotolewa miiba. Usimkatekate, mwache ararue mwenyewe. Sahani laini iondoe, chakula kiweke juu ya jiwe lenye mikwaruzo. Na ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, jamaa wa ngisi, unaookotwa ufukweni bure, uoshe chumvi, ukaushe, umwekee autafune: unasaga mdomo na unampa kalisi, yaani kalsiamu.

Lakini kalisi bila jua ni kazi bure. Mwili huitumia vizuri ukiwa na vitamini D, nayo hutengenezwa ngozi ikipigwa na miale ya jua moja kwa moja. “Hapa pwani jua tele,” utaambiwa. Tele barabarani! Kiwanda chetu kimezungukwa na ghorofa mbili, jua linachungulia saa sita na kuondoka. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, maana kioo huzuia miale hiyo. Akiikosa muda mrefu, taya hulegea na kupinda, midomo ya juu na chini haikutani tena, basi hakuna kinachosagana.

Halafu kuna mafundi wa koleo. “Si kama kucha tu? Kata.” Binamu yangu wa Malindi alikata. Ganda likapasuka kutoka ncha hadi karibu na tundu la pua, damu ikatoka, na kobe akakaa siku kumi hali kitu. Ndani ya ganda mna nyama hai na mfupa, na koleo hubana kabla ya kukata. Daktari wa mifugo hutumia tupa au kijimashine kinachozunguka, akipunguza kidogo kidogo. Mdomo ukiwa umezidi sana, huenda akaugawa kwa safari kadhaa. Kobe wengine hawatoi kichwa mpaka wapewe dawa ya kutuliza. Shingo haivutwi kwa nguvu. Mwombe pia aangalie mifupa kwa eksrei na ini kwa damu, kwani mdomo unaorefuka upesi baada ya kusawazishwa huwa na sababu ndani.

Wasioona haraka husema, “Mbona anakula?” Kobe hustahimili njaa muda mrefu bila kuonyesha. Mpime kwa mizani kila mwezi, uandike. Na si kila ncha ni ugonjwa: mdomo wa juu kufunika wa chini kidogo ni kawaida.

Wengine hawaendi kwa daktari kwa kuogopa kuulizwa kibali. Ni kweli Kenya kumfuga kobe kunahitaji kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo shughulikia karatasi mapema.

Wetu amesawazishwa mara mbili. Papai siku hizi tunakula sisi. Ami bado humrushia ganda lake kwa siri.